Mtoto akikohoa, hesabu pumzi kabla ya kununua dawa

Kila msimu wa mvua foleni ya kliniki hujaa watoto wenye kikohozi, na wazazi wengi hufika na ombi moja: wapewe sirapu. Muuguzi akikuambia kwamba mtoto wako hahitaji dawa, usidhani dawa zimekwisha au kwamba unadharauliwa kwa kuwa u mkimbizi. Kikohozi kingi cha watoto huletwa na virusi, na amoksilini haiui virusi. Kikohozi cha mafua huweza kuchukua wiki mbili kisha kikaisha chenyewe.

Kinachomtia muuguzi wasiwasi ni namna mtoto anavyopumua. Jambo hili unaweza kulipima nyumbani. Ngoja mtoto atulie, asiwe analia wala kunyonya. Mfunue nguo, tazama kifua na tumbo, kisha hesabu kila vinapopanda kwa dakika moja nzima kwa saa au simu. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwani pumzi ya mtoto mchanga haiendi kwa mwendo mmoja. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: hiyo ni dalili ya nimonia, yaani kichomi. Mlete siku hiyo hiyo. Ikiwa kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani anapovuta pumzi, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege au haamki vizuri, usipoteze muda kuhesabu. Njoo hata usiku.

Nimonia ndiyo inayohitaji amoksilini. Kidonge cha watoto huyeyushwa katika maji safi kidogo au maziwa ya mama, asubuhi na jioni, kwa kawaida siku 5. Mara nyingi siku ya tatu mtoto anacheza, na hapo mama humwekea mdogo wake vidonge vilivyobaki. Tafadhali maliza dozi. Kipimo kiliandikwa kwa uzito wa mtoto huyo. Kuharisha kidogo si sababu ya kuacha. Akitoka vipele au akivimba uso, acha dawa na urudi mara moja. Asipopata nafuu baada ya siku 2, mrudishe pia.

Sasa zile chupa za sokoni. Baadhi zina kodeini, ambayo inaweza kudhoofisha pumzi. Mtoto wa chini ya miaka 12 hapewi. Nyingine huwezi kujua zimetengenezwaje. Mwaka 2022 nchini Gambia watoto zaidi ya 60 walikufa kwa figo kuharibika, vifo vilivyohusishwa na sirapu zenye kemikali ya sumu. Fedha hiyo nunua asali, kijiko kidogo kwa mtoto aliyetimiza mwaka 1. Kabla ya hapo asali ni hatari. Mchanga mnyonyeshe mara nyingi, umfute pua kwanza kwa kitambaa chenye maji. Na umweke mbali na moshi wa kuni.

Wewe mzazi, ukikohoa wiki 2 au zaidi, lete makohozi yapimwe kifua kikuu. Ukianzishiwa dawa, mkojo utakuwa na rangi ya chungwa. Ni rangi ya dawa, si damu.