Neno ‘shoti’ lilivyonirusha: somo la lugha kutoka tangi la samaki

MAJUMA matatu yaliyopita nilipigwa na stima nyumbani kwangu hapa Nakuru. Sikuwa nimepanda darini wala kugusa waya wa mtaani. Nilikuwa nataka kutoa jani lililooza katika tangi la samaki. Msomaji atauliza: kisa hiki kinaingiaje katika safu ya lugha? Kinaingia kwa sababu nilikuwa nimeonywa saa chache kabla, tena kwa Kiswahili. Nililisikia onyo hilo vizuri, nikalielewa vibaya. Na kazi yangu, kwa zaidi ya miaka thelathini, imekuwa kufundisha maana za maneno.

Tangi lenyewe ni dogo, la lita sitini hivi, lenye samaki wa mapambo ambao mjukuu wangu aliwaleta likizo moja akaniachia. Juu yake pana kifuniko cha plastiki, na ndani ya kifuniko mna bati la kurudisha mwanga pamoja na tyubu ya wati 15, ya zile ndefu nyeupe tulizozoea kuziona madarasani. Siku hiyo fundi wa umeme alikuja kurekebisha soketi ya jikoni. Alipopita sebuleni aliona taa ya tangi ikipepesa. Akatoa testa mfukoni, akaligusisha lile bati, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, hii kitu iko na shoti. Usiiguse.”

Nikamwambia sawa. Akamaliza kazi ya jikoni, akaenda zake, akiahidi kurudi kesho yake na vifaa. Mimi nikabaki nikilitafakari neno lake kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu. Shoti, kwa nijuavyo, ni waya mmoja kugusana na mwingine, umeme ukapata njia ya mkato, fyuzi ikakatika au moto ukawaka. Fyuzi haikuwa imekatika. Taa ilikuwa bado inawaka. Kwa hivyo, nikahitimisha, hapakuwa na shoti, na kijana alikuwa ametia chumvi.

Jioni nikaona jani limeoza majini. Nikakiinua kifuniko kwa mkono wa kushoto, vidole vikagusa bati, nikatumbukiza wa kulia. Sitaki kueleza yaliyofuata kwa madaha. Mkono ulinirudi wenyewe, kifuniko kikaanguka sakafuni, nami nikajikuta nimekaa chini nikihesabu mapigo ya moyo. Mshipa wa bega uliniuma siku mbili.

Fundi aliporudi hakunicheka. Aliniuliza tu, “Si nilikuambia iko na shoti?”

“Uliniambia, kijana wangu. Nilidhani unasema nyaya zimegusana.”

“Hiyo pia ni shoti, mwalimu.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye alitumia neno moja kwa hatari mbili tofauti, na watu wengi humu mjini hufanya vivyo hivyo. Nyumba ikiungua husemwa kwamba kulikuwa na shoti. Mtu akirushwa na umeme husemwa kwamba amepigwa shoti. Kiingereza, tulikolitoa neno hili, kina maneno mawili: moja la umeme kufupishiwa njia, jingine la mshtuko wa mwili. Sauti za mwanzo za maneno hayo zinakaribiana sana, na yalipoingia vinywani mwetu moja likalimeza jenzake. Si ajabu. Neno la mkopo haliji na kamusi yake mkononi. Hata shoti lenyewe lilikuta mwenyeji: katika Kiswahili cha zamani farasi hupiga shoti, yaani hukimbia kwa kasi. Na mweka hazina ambaye fedha zake hazikutimia naye ana shoti.

Kwa kawaida muktadha hutenganisha maana kama hizi. Chukua neno taa. Mvuvi wa pwani akisema amevua taa, hakuna anayedhani ameopoa kandili. Sote tunajua kuna samaki bapa, mwenye mkia mrefu, aitwaye hivyo. Lakini shoti ya kuunguza nyaya na shoti ya kuua mtu hukaa katika muktadha mmoja: fundi yuleyule, soketi ileile, waya uleule. Muktadha hausaidii kitu. Tena tahadhari zake hazifanani. Ya kwanza hukatwa na fyuzi. Ya pili fyuzi haiioni kabisa, kwa maana umeme unaotosha kuusimamisha moyo wa binadamu ni mdogo mno kuikata fyuzi.

Kilichotokea katika kifuniko changu hakikuwa shoti kwa maana ya kwanza. Mvuke na matone ya maji ya tangi yalikuwa yakipanda kwa miaka, yakatua penye vishikizo vya tyubu, na matone yakaacha chumvichumvi. Maji yetu ya Bonde la Ufa yana madini mengi. Meno ya kahawia ya wazaliwa wengi wa huku ni ushahidi wa floridi iliyomo. Umeme ukapata njia ndani ya unyevu huo hadi kwenye bati. Huko ni kuvuja. Bati lingekuwa limeunganishwa na waya wa ardhini, ambao mafundi huuita athi, umeme uliovuja ungepitia huko ukashuka. Lakini plagi ilikuwa ya miguu miwili, nami niliisukumiza katika soketi ya matundu matatu kwa ncha ya kalamu, kosa ambalo sina wa kumlaumu. Umeme ukasubiri njia nyingine. Njia hiyo ikawa mimi.

Tulikubaliana kwamba dawa haikuwa kubadilisha tyubu. Dawa ilikuwa kuuondoa umeme wa volti 240 ndani ya kifuniko na kuweka taa za LED za volti 12. Fundi angeweza kuifanya kazi yote peke yake, ila nilimwomba aniachie sehemu isiyo ya hatari. Nilitaka kujifunza, na nilitaka kuyasikia maneno yake.

Kwanza tuling’oa plagi ukutani, ndipo kifuniko kikafunguliwa. Tukatoa tyubu bila kuivunja, maana ndani yake mna zebaki kidogo. Tukatoa na starta na choki. Choki hiyo si ya ubaoni. Ni kile kidude kizito chenye waya wa shaba uliozungushwa, kinachoudhibiti mkondo wa tyubu. Mahali pa hayo yote tukakata ubapa wa alumini wa sentimita 45, nikaubandika safu mbili za utepe wa LED. Alumini hupokea joto la vitaa na kulitawanya. Watu hudhani LED haitoi joto. Hutoa, ila hulitoa mgongoni, na isipopata pa kulipeleka hufifia mapema.

Utepe wa volti 12 haukatwi popote. Vitaa vimepangwa vitatu vitatu pamoja na kizuizi cha mkondo, kwa sababu kila kitaa cheupe hutaka takriban volti tatu. Vitatu vikifuatana hula kama tisa, na kizuizi hubeba zilizobaki. Kwenye utepe wa vitaa 60 kwa mita, alama ya mkasi huja kila sentimita tano. Wetu ulikuwa wa wati 14.4 kwa mita. Safu mbili za sentimita 45 zikafanya kama wati 13, yaani zaidi kidogo ya ampea moja. Tukanunua adapta ya ampea mbili ili isifanye kazi ikihema. Adapta hapa si mahali pa kubana senti: iliyo nzuri huutenga kabisa umeme wa ukutani na ule wa volti 12, na mbovu ikiharibika yaweza kuuachilia ule wa ukutani ukapenya hadi majini.

Tulipofika kwenye kuunganisha nyaya nikajitia ualimu. Nikamwambia, “Huu ndio chanya, na ule mweusi ni hasi.” Akanitazama.

“Kuhasi ni ng’ombe, mwalimu.”

Kijana huyu amekulia upande wa Njoro katika nyumba ya wafugaji, na kwake neno hilo lina maana moja tu, ile inayomgeuza fahali kuwa maksai. Istilahi za chanya na hasi zinapatikana vitabuni. Wataalamu wetu wamefanya kazi kubwa. TUKI ilichapisha kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Lakini Kenya tumefundisha sayansi kwa Kiingereza, na fundi wa Nakuru amejifunza kazi kwa kumtazama fundi mwingine. Kwa hivyo maneno ya kamusi hayakuwahi kufika mezani pake. Yeye husema, “Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi,” na mantiki yake haina kasoro maadamu kiwanda hakikubadilisha rangi. Tulipojaribu kuzigeuza makusudi, taa hazikuwaka, kwa kuwa diodi huruhusu mkondo kupita upande mmoja tu. Nikamweleza kwamba hapo ndipo chanya na hasi zinapokuwa na maana kuliko rangi. Akalirudia neno mara mbili, akalikubali, huku akitabasamu.

Nyaya zikalehemiwa, ncha zikazibwa kwa silikoni, kioo chembamba kikawekwa kati ya taa na maji. Adapta tukaitundika ukutani, juu ya usawa wa tangi na kando yake, na waya ukaachwa ushuke chini kidogo kabla ya kupanda, ili tone likiufuata liangukie sakafuni lisiingie kwenye adapta. Plagi mpya ni ya miguu mitatu. Pampu ya hewa bado inatumia volti 240, kwa hivyo sitii mkono majini kabla ya kung’oa kila kitu. Fundi ameongeza pia swichi ile inayokata umeme mara tu unapovuja. Ilinigharimu kuliko taa zenyewe, na sijuti.

Samaki wanaonekana rangi zao kuliko awali. Mwanga mweupe wa utepe huu kwa asili ni wa buluu, uliopitishwa kwenye unga wa manjano. Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2014 kwa kuivumbua hiyo LED ya buluu. Mwanzoni niliziwasha mchana kutwa, vioo vikaota utando wa kijani. Sasa ni saa nane kwa siku. Kuhusu bili, nisimdanganye mtu: kutoka wati 15 na choki hadi 13 hakumtajirishi yeyote. Nilichonunua ni usalama.

Turudi kwenye neno. Sipendekezi tuliondoe shoti vinywani mwa mafundi. Lugha haipokei amri za namna hiyo. Tazama neno stima. Lilitoka kwenye mvuke na meli zake, Wakenya tukalifanya jina la umeme, wenzetu Watanzania wakabaki na umeme, neno la mwanga wa radi. Hakuna aliyetuzuia, na hakuna aliyedhurika. Tena Olkaria, humu humu katika kaunti yetu, umeme umekuwa ukizalishwa kwa mvuke wa ardhini tangu 1981, kama kwamba neno lilitangulia likasubiri mambo yalifuate.

Ninachoomba ni kidogo. Shoti tuiachie nyaya zinapogusana. Umeme ukitoka njia yake ukaingia kwenye bati, maji au ukuta, tuseme unavuja. Na mtu akirushwa, tuseme amepigwa na stima, au na umeme. Maneno hayo tunayo na mtoto mdogo anayaelewa. Vyuo vya ufundi vinaweza kuanza na matatu haya bila kusubiri kamusi mpya, na sisi wa vyuo vikuu tunaweza kwenda kuwasikiliza mafundi kabla ya kuwaundia istilahi.

Nilimuuliza kijana angeniambiaje siku ile kama angejua nilivyolielewa neno lake. Alifikiri kidogo.

“Ningesema tu, mwalimu, ukigusa hapo utakufa.”

Hilo ningelielewa.