Shindano za Wachina na Mukristu Aliyevunjika: Jibu kwa Swali la Dhamiri

Wote waliosoma teolojia ya maadili katika seminari kubwa wanamukumbuka Titius. Katika vitabu vya Kilatini yeye ndiye anayeiba ngombe, anayekopa na kukataa kulipa, anayeoa bila kujua kwamba kuna kizuizi. Maskini Titius, hawakumupa hata siku moja ya kupumzika! Leo tunamuleta Nyantende, naye atapata taabu ya kwetu.

Basi Titius, mukristu, baba wa watoto wanne, alikuwa anarudi kutoka Bukavu juu ya piki-piki, na gunia mbele ya magoti. Mvua ilikuwa imenyesha, wakateleza, na mufupa wa muundi ukavunjika. Katika lopitali walimufunga plasta. Nyuma ya miezi wakaitoa, wakapiga picha, wakaona mufupa umeungana vizuri. Lakini goti halikunjiki, mugongo unamuuma, na usiku hapati usingizi. Mama yake anataka apelekwe kwa muzee anayeunga mifupa kijijini. Ndugu yake wa Bukavu anamwambia kwamba kuna mutu anayechoma shindano kwa namna ya Wachina. Katekista anamwambia kwamba shindano hizo ni uchawi, na kwamba akizikubali asikaribie tena Komunyo. Titius anapiga hodi kwa padri. Padri atajibu nini?

Kesi hii tumeitunga, lakini swali lenyewe si la kutungwa. Bukavu iliwajua waganga wa Kichina, walipofika pamoja na majeshi ya Umoja wa Mataifa na kufungua lopitali yao. Majeshi hayo yaliondoka Kivu ya Kusini katika mwaka 2024. Kwa ndugu zetu wa Unguja waganga wa China walifika tangu mwaka 1964, na kwa wale wa Tanzania bara tangu mwaka 1968. Kwa hiyo padri asiyejua kitu juu ya jambo hili atamujibu mukristu wake kwa kubahatisha, na mutu mwenye muguu mugonjwa hana nafasi ya kungojea majibu ya kubahatisha.

Kazi yenyewe ni hii. Munganga anatwaa shindano nyembamba sana, karibu kama unywele, isiyo na tundu wala dawa ndani yake. Anaichoma katika ngozi na nyama, pahali palipochaguliwa, anaiacha dakika 20 ao 30, kisha anaitoa. Kwa kawaida damu haitoki, ao inatoka tone tu. Hivi si kama kuchanja kwetu kwa wembe, ambako dawa inapakwa katika kidonda, wala si kama kunyonya damu kwa pembe ya ngombe. Jina la Kizungu limetoka katika Kilatini, acus na pungere, nanyi wanaseminari hamna haja ya kutafsiriwa. Munganga Muholanzi Willem ten Rhijne, aliyeiona kazi hiyo huko Japani, alitoa kitabu juu yake katika mwaka 1683. Lakini kazi ni ya zamani kupita pale. Katika mwaka 1968 kaburi la Liu Sheng, mwana wa mufalme aliyekufa mwaka 113 mbele ya Kristu, lilifunguliwa huko Mancheng, wakakuta ndani shindano za zahabu na za feza.

Wazee wa China walifundisha kwamba ndani ya mwili kuna nguvu inayotembea kama maji katika mifereji, na kwamba ugonjwa unakuja pale inapozibwa. Walihesabu juu ya mifereji hiyo mahali 361 pa kuchoma. Mifereji hiyo, waganga waliopasua miili hawakuiona. Je, ndiyo kusema kazi yote ni uongo? Hapana. Mukulima anaweza kueleza vibaya sababu ya mvua na kupanda maharagi yake kwa wakati unaofaa. Wataalamu walichunguza kwa namna nyingine, wakaona kwamba mahali panapochomwa panapeleka habari kwa mishipa ya fahamu mpaka ubongo, na kwamba mwili wenyewe unatoa vitu vya kutuliza maumivu vinavyofanana na afyuni. Vinaitwa endorfini. Tangu miaka ya 1970 imeonekana kwamba dawa inayozuia kazi ya afyuni inaweza kupunguza na kazi ya shindano.

Sasa tuseme kweli yote, hata ile isiyowapendeza wauza shindano. Katika Ujerumani waliwagawa wagonjwa 1162 wa mugongo katika makundi matatu, na habari zake zilitolewa mwaka 2007. Kundi la kwanza walichomwa kwa kufuata mafundisho ya Kichina. La pili walichomwa juu juu tu, tena mahali pasipo pa Kichina. La tatu walipewa dawa na mazoezi ya kawaida. Nyuma ya miezi sita walioona nafuu walikuwa karibu 48 katika 100 kwa kundi la kwanza, 44 kwa la pili, na 27 kwa la tatu. Tazameni vizuri hesabu hizi. Kuchomwa kulisaidia kupita dawa na mazoezi ya kawaida, lakini kuchomwa mahali pa kweli na kuchomwa ovyo kulikuwa karibu sawasawa! Labda sehemu kubwa ya nafuu ilitoka katika kuguswa, kulazwa kwa utulivu, na kutumaini. Kwa maungo yaliyotenguka ao kuteguka, majaribio yaliyofanywa hayana nguvu ya kutosha, tusiahidi kitu. Na mufupa uliovunjika hauungwi na shindano hata moja. Mufupa unaungana wenyewe, kama ukinyooshwa na kutulizwa.

Faida ya shindano kwa Titius ni wapi basi? Ni katika maumivu, na hapa tunaomba mutusikilize kwa uangalifu, maana watu wengi wanaona maumivu kuwa kitu kidogo cha kuvumiliwa tu. Mutu anayeumwa hakunji goti lake. Goti lisilokunjwa linakauka, nyama ya paja inapungua, na nyuma ya miezi michache yule aliyeungwa vizuri na munganga amekuwa kilema kwa sababu ya kuogopa kutembea. Kama shindano zinamutulizia maumivu muda wa saa chache, na katika saa zile anafanya mazoezi yake, anakunja na kunyoosha, anapanda na kushuka kilima kidogo, hapo zimemusaidia. Akichomwa na kurudi kulala kitandani, amepoteza feza zake.

Tuje kwa uchawi. Mutakatifu Tomaso, katika sehemu ya pili ya pili ya Suma yake, swali la 96, anapambanua wazi: kutumia vitu vya asili kwa kazi inayozaniwa kuwa katika nguvu yao ya asili si ushirikina, ushirikina unaingia pale mutu anapoongeza maandiko, majina na desturi za bure zisizoweza kuleta tunda lile. Shindano inayogusa mushipa wa fahamu ni kitu cha asili. Hati ya Roma ya mwaka 2003 juu ya mafundisho yanayoitwa Enzi Mupya inataja shindano katika orodha ya mambo yanayotangazwa na watu wale, na kuna wanaoisoma mbiombio na kusema Kanisa limezikataza. Kuonya juu ya dini ya uongo inayojificha nyuma ya dawa si kukataza dawa. Tena Papa Pio XII, alipozungumza na waganga katika mwezi wa pili wa mwaka 1957, alieleza kwamba mukristu halazimishwi kutafuta maumivu, anaweza kutumia njia halali za kuyapunguza.

Kwa hiyo katekista alihukumu mbele ya kuuliza, na kumufungia mutu Komunyo si kazi yake. Lakini asikemewe mbele ya watu. Woga wake una sababu: anawajua wanaochoma na kuchanja huku wakiita wazimu, ao wakimwambia mugonjwa ni jirani gani aliyemuangusha katika piki-piki. Mutu wa shindano akianza kutaja jirani, Titius achukue fimbo yake na atoke.

Hatari ya pili ni ya mwili, nayo inatutia woga kupita ile ya kwanza. Katika mwaka 1976, huko Yambuku katika Ekwatere, lopitali ya misioni ilikuwa inatoa shindano tano tu za kupiga dawa kila asubuhi kwa wagonjwa wote. Zilisuuzwa kidogo katika maji, zikapita kutoka mutu mumoja mpaka mwingine. Ndivyo ugonjwa wa Ebola ulivyoenea: wagonjwa 318, wafu 280, na masista kati yao. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shindano ya Kichina, ijapokuwa nyembamba, inaweza kubeba ugonjwa wa maini na sida vilevile. Titius aone kwa macho yake karatasi ikipasuliwa na shindano mupya ikitoka. Kama hazitoki katika karatasi yao, asilale. Na asikubali kuchomwa kifuani na mutu asiyesoma kazi, maana shindano inaweza kutoboa pafu.

Inabaki mama yake na muzee wa mifupa. Tunawaheshimu wazee hawa. Wako wenye mikono ya ajabu. Lakini mufupa wa Titius umekwisha kuungana, hauna haja ya kuvutwa tena. Na kwa wengine wanaopelekwa kwao siku ileile ya kuanguka, padri aseme bila haya: vijiti vikifungwa kwa nguvu nyingi damu haipiti. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikikosa kusikia, kamba ifunguliwe saa ileile na mugonjwa apelekwe lopitali, hata usiku. Wako waliokatwa muguu kwa sababu walingojea asubuhi.

Jibu kwa Titius, basi: arudi kwanza lopitali ya Nyantende, aseme habari ya goti na ya mugongo, aulize mazoezi. Kama munganga wake hakatazi, na kama mutu wa Bukavu anatimiza yale tuliyosema, aende mara chache, ajipime mwenyewe kwa hatua anazotembea. Asiuze mbuzi wa ada ya shule kwa jambo hili. Komunyo apokee siku ya Mungu inayokuja, na katekista awe wa kwanza kumusaidia kupanda ngazi za kanisa.