Kimelea cha TB: Kiko Hai au Kimekufa? Mwanga Unaotafuta Jibu

Mgonjwa wa kifua kikuu amemeza dawa miezi miwili bila kuruka hata siku moja. Anarudi kituoni kupima makohozi, anaambiwa vimelea bado vinaonekana. Nyumbani maneno yanaanza. Huyu anasema dawa zimeshindwa, yule anasema amerogwa, na mgonjwa mwenyewe anakata tamaa. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatulijui: vimelea hivyo vilivyoonekana vilikuwa hai, au ni maiti?

Msikilizaji, swali hili ni gumu kuliko linavyosikika. Tuone ni kwa nini.

Kimelea cha TB ni kidogo sana na hakina rangi. Ili kionekane kwenye hadubini, mtaalamu wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyatia rangi, kisha huyaosha. Njia ya zamani hukifanya kimelea kionekane chekundu. Njia nyingine hutumia rangi iitwayo auramini, ambayo hung'aa ikipigwa na mwanga wa buluu.

Kung'aa huku umeshakuona. Pale Mwanjelwa sokoni, mfanyabiashara akitilia shaka noti, huiweka chini ya taa ya zambarau, na alama zilizojificha zinawaka. Alama hizo hazina umeme wala betri. Zinapokea mwanga wa aina moja na kuurudisha zikiwa na rangi nyingine. Auramini hufanya hivyohivyo: inapokea buluu, inarudisha kijani cha manjano. Kwenye giza la hadubini, kimelea kinaonekana kama kimulimuli usiku. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutumia hadubini za aina hii zenye taa za LED, ambazo hutumia umeme kidogo.

Tatizo ni kwamba rangi hizi hushika ganda la kimelea, na ganda hubaki hata kimelea kikifa. Mashine ya GeneXpert nayo hutafuta vinasaba vya kimelea. Watafiti wa hapa Mbeya walikuwa miongoni mwa walioijaribu mapema, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011. Ni mashine nzuri sana ya kugundua ugonjwa, lakini vinasaba vya kimelea kilichokufa navyo huweza kuonekana. Ndiyo maana haitumiki kufuatilia kama dawa zinafanya kazi.

Njia ya uhakika ni kuotesha makohozi maabara, kuona kama kuna kitakachoota. Kilicho hai huota. Lakini vimelea vya TB huzaliana polepole, na majibu huchukua wiki kadhaa.

Hapa anaingia jirani yetu. Mireille Kamariza ni mzaliwa wa Burundi aliyekwenda Marekani akiwa na miaka 17. Alisomea kemia, na akiwa chini ya Profesa Carolyn Bertozzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2022, walitengeneza kitu wanachokiita DMN-Tre. Utafiti wao ulichapishwa mwaka 2018.

Walifikiri hivi. Kimelea cha TB hujenga ukuta wenye mafuta, na katika kuujenga hutumia sukari iitwayo trehalosi. Mwili wa binadamu hautengenezi sukari hiyo. Basi wakaichukua sukari, wakaifunga kwenye rangi inayong'aa, wakaitoa kama chambo. Kimelea kilicho hai kinaichukua na kuiweka ukutani. Kilichokufa hakijengi tena, kwa hiyo hakichukui.

Ujanja wa pili uko kwenye rangi yenyewe. Fikiria utambi wa koroboi: ukiuloweka kwenye maji hauwaki, ukiuloweka kwenye mafuta unawaka. Rangi hii ikiwa kwenye maji karibu haing'ai, lakini ikiingia kwenye mafuta ya ukuta wa kimelea, mng'ao wake unaongezeka zaidi ya mara 700. Kwa hiyo hakuna haja ya kuosha rangi iliyobaki, maana iliyobaki haionekani. Waliijaribu kwenye makohozi ya wagonjwa wa Afrika Kusini, na vimelea viling'aa. Vimelea vilivyowekewa dawa za TB viling'aa kidogo. Mwaka 2021 walichapisha rangi nyingine yenye mng'ao mara kumi zaidi, inayofanya kazi ndani ya dakika kumi.

Tusidanganyane: hiki bado ni kipimo cha watafiti. Pia rangi hii huweza kuwasha bakteria wengine wa ukoo wa karibu na TB. Lakini siku kipimo cha namna hii kikifika vituoni, mgonjwa wetu wa miezi miwili hatasubiri wiki kadhaa kujua hali yake.

Kwa sasa shika haya. Ukiambiwa vimelea bado vinaonekana, usiache dawa na usijibadilishie dawa. Huenda ni maiti, huenda ni sugu, na mhudumu wa afya ndiye atakayeagiza vipimo zaidi. Ukitoa makohozi, yatoe ndani ya kifua, mate hayasaidii. Na kikohozi kikifikisha wiki mbili, nenda kapime. Matibabu ya TB kwenye vituo vya serikali ni bure.