Je, Wajua? Upupu, Yai na Wafagizi wa Ubongo

Upupu una dawa ya kutetemeka
Upupu huu huu unaomfanya mtoto wa Pwani ajikune hadi alie umebeba ndani ya mbegu zake levodopa, dawa kuu ya ugonjwa wa Parkinson! Wanakemia wa India waliitoa humo mwaka 1937, miaka 30 kabla ya George Cotzias, kule Marekani, kuwapa wagonjwa dozi kubwa na kuona wakipata nafuu. Lakini usizisage ukajitibu: kiasi cha dawa hutofautiana mbegu kwa mbegu.

Yai likishachemka halirudi ute
Tazama yai linalouzwa jioni Mji wa Kale wa Mombasa, limepasuliwa, limejazwa kachumbari. Ute wake ulikuwa maji maji. Moto ukazikunjua protini, zikashikana, ukawa mweupe wa kutafunika. Ubongoni protini huharibika umbo bila moto wowote: alfa-sinukleini kwa Parkinson, beta-amiloidi na tau kwa Alzheimer. La ajabu zaidi, protini iliyopinda huipindisha jirani yake. Beta-amiloidi yaweza kurundikana miaka 15 hadi 20 kabla mtu hajaanza kusahau.

Wafagizi wasiolala
Seli za kinga za ubongo, mikroglia, si wazaliwa wa ubongo. Hutoka kwenye kifuko cha kiini cha mimba changa, zikahamia kichwani na kuweka makao ya maisha. Mhispania Pío del Río-Hortega ndiye aliyezitambulisha, mwaka 1919. Seli hizi hunyoosha vijikono vyembamba na kuupekua ubongo mzima kila baada ya saa chache. Zikikuta bonge la protini hulizingira na kulila. Mabonge yakizidi, huchachamaa, zikamwaga kemikali zinazoumiza hata seli za neva zilizo nzima. Hitilafu moja tu katika jeni iitwayo TREM2, ambayo mikroglia huitumia, huongeza hatari ya Alzheimer karibu mara tatu.

Nairobi na Dar es Salaam walishachungulia
Mwaka 1996 watafiti wa Kenya na Tanzania, pamoja na wenzao wa ng'ambo, walichapisha uchunguzi wa bongo za marehemu 32 wa umri wa miaka 45 hadi 83, ambao hawakuwa na dalili za ugonjwa wa neva. Chache kati yake zilikutwa na beta-amiloidi. Basi Alzheimer si maradhi ya Wazungu tu. Bi mkubwa akipotea Ndia Kuu, njia aliyoipita tangu utotoni, apelekwe kwa daktari. Asisingiziwe kurogwa, wala tusiseme ni uzee tu.

Manjano hung'aa
Kurkumini, rangi ya manjano tunayonunua Marikiti, hunata kwenye beta-amiloidi na kung'aa ikimulikwa kwa mwanga maalumu, hata watafiti huitumia kuyaona mabonge hayo. Kama tiba, majaribio kwa wagonjwa wa Alzheimer hayajaonyesha faida: utumbo hunyonya kiasi kidogo mno.