Taa Nyekundu Usoni pa LUKU

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, husingiziwa mengi. Ukikaa kibarazani Kahama, Katoro au Shinyanga mjini, hutachelewa kusikia kwamba mita ya fulani "ina mbio", kwamba mita mpya zimetegwa, kwamba umeme wa kununua Jumamosi jioni huisha mapema kuliko wa Jumatatu. Wapo wanaoamka usiku kuchomoa chaja ya simu ukutani ili kuokoa uniti, na huku sebuleni friza kuukuu inanguruma mpaka alfajiri. Nimechoka kuyasikia haya, kwa sababu mita hiyo hiyo inayotukanwa ina taa ndogo nyekundu inayopepesa usiku na mchana, na mwenye saa ya sekunde anaweza kuiuliza kifaa chochote cha nyumbani kinamgharimu shilingi ngapi. Ikamjibu papo hapo.

Karibu na taa hiyo pameandikwa namba inayofuatwa na herufi imp/kWh. Mara nyingi ni 1000, 1600 au 3200, hutegemea mtengenezaji. Hiyo ni idadi ya mipepeso inayokamilisha uniti moja. Kama mita yako imeandikwa 1000, kila taa inapopepesa umeondokewa na sehemu moja ya elfu ya uniti, si zaidi wala si pungufu.

Ndani yake kuna kazi ya kupendeza. Kwenye mita nyingi umeme wote wa nyumba hupita katika kipande kifupi cha manganini, mchanganyiko wa shaba, manganizi na nikeli. Umechaguliwa kwa sababu ukinzani wake haubadiliki kirahisi hata joto likipanda, na hilo ni jambo la maana kwa mita iliyopigiliwa kwenye ukuta unaochomwa na jua la Septemba huko Kishapu. Umeme ukipita, kati ya ncha mbili za kipande hicho hutokea volti ndogo mno. Chipu huipima, huizidisha na volti ya laini, hurudia hivyo maelfu ya mara kwa sekunde, na kujumlisha. Jumla ikitimiza kiasi kilichowekwa, taa hupepesa na hesabu huanza upya.

Taa hii haikuwekwa kwa ajili yetu. Iliwekwa kwa ajili ya wakaguzi: hubandika jicho la kielektroniki juu yake, wakapitisha umeme unaojulikana kiasi chake, wakalinganisha mipepeso na mita ya rejea. Hapa kwetu kazi ya kuhakiki mita iko chini ya Wakala wa Vipimo. Mita za zamani zilikuwa na kisahani cha alumini kilichozunguka, ubunifu ambao Mhungari Ottó Bláthy aliuwekea hataza mwaka 1889, na alama iliyochorwa ukingoni mwa kisahani ilifanya kazi inayofanywa leo na taa. Wenye mita hizo walizoea kuchungulia kisahani. Kilipoondoka, na kuchungulia kukaondoka.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba. Zima kila kitu, acha kifaa kimoja. Pima sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Zikiwa chache sana, pima mipepeso kumi kisha ugawanye kwa kumi. Halafu chukua 3,600,000, gawanya kwa namba iliyo kwenye mita, gawanya tena kwa hizo sekunde. Jibu ni wati. Kwa mita ya 1000 inabaki 3,600 kugawanya kwa sekunde. Kwa mita ya 1600 ni 2,250. Kwa mita ya 3200 ni 1,125. Taa ikipepesa kila baada ya sekunde 60 kwenye mita ya 1000, kifaa kinatumia wati 60, yaani feni. Ikipepesa karibu mara tatu kwa sekunde mbili, kuna mtu anaoga maji ya moto.

Chaja ya simu je? Iache peke yake nyumba nzima uone. Kwenye mita nyingi za majumbani taa haitapepesa kabisa, nyingine itasimama ikiwaka tu. Mita ya kawaida yenye ampea 5 za msingi hailazimiki kuanza kuhesabu mpaka mkondo ufike kama miliampea 20, ambazo kwa volti 230 ni wati nne na nusu hivi. Chaja isiyo na simu haifiki hata robo ya hapo. Lala usingizi wako.

Mkosaji ni friji, na friji ndiyo isiyoeleweka kuliko vyote, kwa kuwa haili kwa mfululizo. Kompresa huwaka, hupoza, huzima, husubiri joto lipande, huwaka tena. Mtu akisoma wati 120 mgongoni mwa friji na kuzidisha kwa saa 24 atapata karibu uniti tatu kwa siku, ataogopa bure. Akisikia kimya chake mchana akadhani haitumii kitu, atakuwa amekosea upande wa pili. Kaa mbele ya mita friji ikiwa peke yake: kwenye mita ya 1000, taa ikipepesa kila sekunde 30, kompresa inafanya kazi kwa wati 120, ikinyamaza, imelala. Andika muda wa kuwaka na muda wa kulala. Kama ni nusu kwa nusu, hiyo ni uniti 1.44 kwa siku, uniti 43 kwa mwezi. Asiyetaka kukaa na saa asome uniti zilizobaki kabla ya kulala, azime vingine vyote, asome tena asubuhi.

Hapo ndipo hali ya hewa ya Usukumani inapoingia. Friji ni pampu ya joto: hulitoa ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya mgongoni. Chumba cha bati lisilo na dari mwezi Oktoba, friji imesukumwa hadi ukutani "ili nafasi itoshe", mabomba hayapumui, kompresa inawaka muda mrefu zaidi kulifukuza joto lile lile. Ongeza mpira wa mlango uliokakamaa. Nyingi ya friji zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni mitumba iliyokwisha kuchoka kwa wenyewe, nasi huzipokea kana kwamba ni bahati. Mpira ukivuja mpaka kompresa ikawaka dakika 48 kwa kila saa, uniti 43 zinakuwa 69. Mpira mpya unauzwa na fundi friji yeyote. Sijui kwa nini mtu abadilishe redio mara mbili kabla ya kubadilisha mpira.

Sasa tuweke bei. Nafuata viwango ambavyo mdhibiti wa nishati, EWURA, ilivipanga mwaka 2016. Mteja wa kawaida analipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1, inafika kama 356. Ndiyo maana shilingi 10,000 hutoa uniti 28 na kidogo. Mteja wa matumizi madogo analipa 100, yaani 122 pamoja na tozo, lakini kwa uniti 75 za kwanza za mwezi tu. Ya 76 inamgharimu 427, na akizidisha mara kwa mara huhamishwa. Kwa hiyo friji ya mpira mbovu inamla mteja wa kawaida zaidi ya shilingi 24,000 kwa mwezi badala ya 15,000 na ushee, na mteja mdogo inamsogeza hadi ukingoni mwa uniti zake 75 kabla hajawasha balbu.

Na ule "wizi" unaolalamikiwa mwanzo wa mwezi, uniti zikitoka pungufu? Ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 hukatwa kwenye LUKU, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ukinunua umeme wa 10,000 mara ya kwanza mwezi huo, zinazobaki kununua umeme ni 8,500, unapata uniti 23.9. Mita haikugusa kitu. Kama wewe ni mpangaji, basi umemlipia mwenye nyumba kodi yake. Dai lako lipeleke kwake.

Wapangaji nao wana kisa chao, na Geita hakuna mtaa usiokijua. Miji ya dhahabu hujengwa kwa haraka: vyumba vinne, sita, kumi, mlango unatazama mlango, LUKU moja. Kila mwezi mchango sawa, na kila mwezi ugomvi. Tuchukue vyumba vinne. Vitatu vina balbu mbili, runinga na king'amuzi, sabufa kidogo jioni: kama uniti 12 kwa mwezi kila kimoja. Cha nne kina hivyo hivyo pamoja na friji nzima yenye mpira mzuri: uniti 55. Jumla 91, kwa bei ya kawaida kama shilingi 32,400. Wakigawana sawa ni 8,100 kila mmoja, wakati wasio na friji wametumia ya kama 4,300. Katika mji ambao hakuna anayekubali kuuza hata chembe ya dhahabu bila kuiona mizani, watu wazima wanagawana umeme kwa kukadiria kwa macho! Jumamosi moja asubuhi inatosha: kila chumba kizime, kiwashe kwa zamu, mmoja asimame kwenye mita na simu yake.

Lakini kuna dhuluma ambayo taa haiwezi kuitatua. Vyumba hivyo vinne, kila kimoja kingekuwa na mita yake, vyote vingekuwa chini ya uniti 75, vikastahili bei ya matumizi madogo, na uniti zile 91 zingegharimu kama shilingi 11,100. Kwa kuwa vimefungiwa LUKU moja, vinaonekana kama mtumiaji mmoja mkubwa. Bei iliyotungwa kumlinda mwenye kipato kidogo inampita mchimbaji aliyepanga chumba na kumfikia mwenye nyumba nzima anayeishi peke yake. Mwenye nyumba hataki gharama ya kuunganisha mita nyingine, na mpangaji anayetarajia kuhamia Nyarugusu kukiwa na tetesi ya mwamba mpya hana sababu ya kupigania.

Nirudi kwenye vyombo. Jagi la umeme lina sifa mbaya isiyostahili. Taa hupepesa kama imepagawa, watu wanaogopa kasi na kusahau muda. Lita moja na nusu ya maji ya bombani mpaka yachemke (na Shinyanga, kwa kuwa iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi) hutaka kama uniti 0.14. Ni shilingi 50. Volti ikishuka hadi 180, kama inavyotokea jioni mwisho wa laini ndefu, jagi la wati 2,000 hushuka hadi kama 1,200: litachelewa, taa itapepesa polepole, na gharama itabaki karibu ile ile.

Jiko la presha la umeme ndilo ningependa lipimwe na kila mtu. Wati 1,000 mwanzoni, kisha linajizima na kujiwasha likishalipata joto lake. Choroko au maharage ya familia huiva kwa nusu uniti au pungufu, shilingi 180 kwa bei ya kawaida, 60 kwa bei ndogo. Linganisha na mkaa wa mtaani kwako. Nasema hivi kwa sababu Shinyanga ina historia na miti. Misitu ilifyekwa ili kufukuza mbung'o na kupanua pamba, nchi ikabaki wazi, mpaka mwaka 1986 ulipoanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliowarudisha watu kwenye ngitili zao za kale, yaani malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa. Mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta. Miti iliyorudi kwa jasho hilo inatakiwa tena na tanuri la mkaa, na upande wa Geita inatakiwa pia kuwa matimba ya kuegemeza maduara, mashimo ya wachimbaji. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Nadhani ungesonga haraka kama mama wa nyumbani angeoneshwa mipepeso 500 tu ya taa ya mita ya 1000 kwa sufuria ya maharage, kuliko mabango yote ya barabarani.

Matumizi mengine ya taa hii ni mengi, nayataja mbiombio. Kujua kama pasi ya mitumba inajizima yenyewe au imekwama. Kupima hita ya bafuni: dakika kumi kwa wati 5,000 ni shilingi 300, katika mji ambao bomba lenyewe mchana hutoa maji ya vuguvugu. Kujua saluni ilipe kiasi gani kwa draya. Kumhoji fundi anayesema kompresa imekufa wakati taa inaonesha inajaribu kuwaka. Kumpigia hesabu muuza barafu wa mgodini. Kugundua wizi: zima meni swichi, taa ikiendelea kupepesa, kuna waya uliochepushwa kati ya mita na swichi, au hitilafu, na vyovyote vile usiguse mwenyewe, piga simu TANESCO. Na kama mita yako iko juu ya nguzo na ndani una kibao cha kubonyeza tu, usipande. Soma uniti zilizobaki kabla na baada ya saa moja, kisha toa.