Utalii wa visiwa Kilwa: Siku ya pili ya mgeni ni mali ya mkulima

MGENI anayefika Kilwa Masoko asubuhi na kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, kufikia saa tisa alasiri anaweza kuwa amekwishaona karibu kila alichokifuata na kurudi bara.

Atakuwa amepanda boti, ameuona Msikiti Mkuu, Gereza, Makutani na Husuni Kubwa, amepiga picha na kunywa maji ya chupa aliyokuja nayo kutoka Dar es Salaam. Jioni huyo anaondoka zake.

Swali ambalo wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Tingi, Kivinje na Masoko wanapaswa kujiuliza ni moja tu: katika siku hiyo nzima, mgeni huyo ameacha shilingi ngapi mikononi mwao?

Jibu mara nyingi ni chache mno. Kiingilio kimekwenda serikalini, mwenye boti amepata nauli yake na mwongoza watalii amepata ujira wake. Mkulima wa machungwa, mwenye minazi, mfugaji wa kuku na mama lishe hawamo katika hesabu hiyo.

Hali hiyo inaweza kubadilika, na wala haihitaji kusubiri hoteli kubwa ijengwe. Inabadilika pale mgeni anapopata sababu ya kulala usiku mmoja zaidi.

Jina kubwa, matembezi mafupi

Kilwa haina shida ya jina. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kutokana na kuta kuporomoka na bahari kula ufukwe. Baada ya kazi ya ukarabati, yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014.

Msafiri maarufu Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye ndiye aliyejenga jumba la Husuni Kubwa. Utajiri wa mji ule ulitokana na biashara, hasa dhahabu iliyopitia Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Hivi sasa magofu hayo yako chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), na katika miaka ya karibuni meli za kitalii zimekuwa zikitia nanga Kilwa na kushusha abiria wake kwenda kuyatazama.

Tatizo ni kwamba matembezi yenyewe ni mafupi. Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni mwendo wa takriban kilomita mbili tu za maji. Kwa boti la injini ni dakika chache, na kwa mashua ya tanga ni zaidi kidogo kutegemea upepo.

Songo Mnara, iliyoko kusini zaidi, ndiyo safari inayokula siku. Huko nahodha hupanga safari kwa kufuata maji. Yakiwa yamekupwa, boti haifiki ufukweni, na mgeni hulazimika kushuka na kutembea majini akipita kando ya mikoko. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari hukupwa mbali zaidi. Katika miezi ya kusi, wenye uzoefu huondoka alfajiri kabla upepo haujapanda.

Mgeni aliyekwenda Songo Mnara hurudi Masoko jioni amechoka, ana njaa na hana hamu ya kupanda basi. Huyo ndiye mteja.

Hesabu ya sahani

Chukua mfano wa kikundi cha wageni 10. Wakija asubuhi na kuondoka jioni ya siku hiyohiyo, watakula chakula cha mchana tu. Hizo ni sahani 10, na kama wamefungasha chakula chao kutoka Dar es Salaam, ni sahani sifuri.

Kikundi hichohicho kikilala usiku mmoja na kuondoka kesho yake jioni, kitakula mchana, usiku, asubuhi na mchana tena. Hizo ni sahani 40. Wageni hawakuongezeka hata mmoja, lakini chakula kimeongezeka mara nne.

Ndani ya sahani hizo mna mchele, nazi, samaki, pweza, kuku, mayai, mchicha, nyanya, mhogo, ndizi na mapapai. Pembeni yake mna madafu na juisi. Glasi moja ya juisi ya machungwa hutumia machungwa matatu hivi. Kwa hiyo wageni 10 wakinywa glasi moja moja asubuhi na jioni, hayo ni machungwa 60 kwa siku.

Kwa mwenye shamba la miti 100, machungwa 60 ni kitu kidogo. Lakini aina ya fedha yenyewe ndiyo muhimu. Ufuta na korosho, mazao makuu ya biashara katika mkoa wa Lindi, huuzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani, na malipo yake huja kwa mkupuo. Ufuta huuzwa kuanzia katikati ya mwaka, na korosho kuanzia mwezi wa kumi. Kati ya misimu hiyo, familia nyingi hukopa.

Fedha ya mgeni ni ndogo, ila huingia kwa wiki. Inatosha kulipia chumvi, sabuni, daftari la mtoto na palizi, bila mkulima kuuza ufuta ungali shambani kwa bei ya kutupa.

Tingi, mlango wa vilima

Ili mgeni alale, lazima kuwepo kitu cha kufanya siku ya pili. Hapo ndipo Tingi inapoingia.

Tingi iko kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi, kabla ya kufika njia panda ya Nangurukuru inayokwenda Masoko. Kutoka Tingi ndipo inapochepuka barabara ya kwenda Chumo na Kipatimu, kwenye vilima vya Umatumbi. Kila mgeni anayekwenda visiwani kwa barabara akitokea kaskazini hupita hapo, ingawa wengi hupita bila kushuka.

Huko vilimani kuna mambo ambayo kisiwani hayapo. Kuna mashamba ya machungwa. Kuna mapango makubwa, likiwemo la Nang'oma, ambako wananchi walijificha wakati wa Vita vya Maji Maji. Kuna Nandete, mahali vita hivyo vilipoanzia mwezi Julai mwaka 1905, baada ya Wamatumbi kung'oa pamba waliyokuwa wakilazimishwa na Wajerumani kuilima.

Kwa maneno mengine, siku ya kwanza mgeni anaona magofu ya matajiri wa dhahabu, na siku ya pili anasimama mahali ambapo wakulima walikataa kilimo cha shuruti. Katikati ya safari hizo mbili kuna Kilwa Kivinje, mji wa kale ulioishi kwa misafara ya kutoka bara katika karne ya 19 na baadaye kuwa kituo cha utawala wa Wajerumani.

Hiyo ni safari moja iliyokamilika, na sehemu yake kubwa inapita mashambani.

Kuna sababu nyingine ya Tingi kujipanga. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mvua ziliikata barabara kuu eneo la Somanga na magari yakakwama. Mwenye hoteli anayetegemea nyanya na mayai ya kutoka Dar es Salaam hana pa kushika barabara inapokatika kaskazini. Anayenunua Tingi, Kivinje na Nangurukuru anaendelea kupika.

Wenzao walivyofanya

Wazo la mkulima kuuza matembezi si geni. Zanzibar, baada ya bei ya karafuu kuporomoka katika soko la dunia miaka ya 1980, mashamba ya viungo ya maeneo kama Kizimbani na Kidichi yalipata mteja wa pili. Mgeni hulipa kutembezwa, kunusa, kuonja matunda na kula chakula cha mchana, kisha hununua mdalasini na iliki vya kubeba. Mti uleule unauzwa mara mbili: kwanza kwa macho, pili kwa mizani.

Mto wa Mbu, mkoani Arusha, wakulima waliingia katika mpango wa utalii wa utamaduni ulioanza katikati ya miaka ya 1990. Watalii waendao Ziwa Manyara na Ngorongoro walikuwa wakipita hapo bila kusimama, kama wanavyopita Tingi leo. Sasa wapo wanaoshuka na kutembezwa kwenye migomba, kwenye mashamba ya mpunga na kwa wachonga vinyago.

Mafia, jirani wa Kilwa upande wa kaskazini, wageni hufuata papa potwe kuanzia mwezi wa kumi hadi wa pili. Kwa kuwa samaki huyo hana ratiba, mgeni hulazimika kukaa siku mbili tatu akimsubiri, na kila siku anayosubiri anakula.

Yanayokwamisha

Pamoja na nafasi hiyo, wapishi na wenye nyumba za wageni wana malalamiko ya kweli kuhusu kununua kwa wakulima wadogo. La kwanza ni kutokuwa na uhakika: leo mayai yapo, kesho hayapo. La pili ni mzigo usiochambuliwa, ambamo chungwa zuri na lililopondeka vimo katika tenga moja. La tatu ni bei inayobadilika kwa kumtazama mnunuzi usoni.

Wakulima nao wana yao. Kubwa ni kuchelewa kulipwa. Mwenye nyumba ya wageni anaweza kuchukua mzigo leo na kulipa mwisho wa mwezi, wakati mkulima anahitaji nauli ya kurudi nyumbani jioni hiyohiyo.

Baharini kuna suala la usalama. Boti lisilo na jaketi za kujiokolea kwa kila abiria, au linalojaza kupita kiasi, halihatarishi maisha tu. Ajali moja inaweza kufunga biashara ya nahodha, mpishi na mkulima kwa msimu mzima. Vivyo hivyo kwa uvuvi wa baruti: mwamba uliovunjwa hauna samaki wa kumwuzia mgeni wala matumbawe ya kumwonyesha.

Tena kuna heshima ya mahali. Mapango mengine ni sehemu za matambiko, hivyo wazee waulizwe kwanza. Misikiti ya kale ina adabu yake ya mavazi. Wakati wa Ramadhani, chakula cha mchana cha wageni kiandaliwe mahali pa faragha, bila kuwakwaza waliofunga.

Pa kuanzia

Mtaji mkubwa hauhitajiki kwa kuanza. Kinachohitajika ni mpangilio, na hatua zifuatazo zinaweza kufanywa na kikundi cha watu 10 hadi 15.

Kwanza, kikundi kiandike orodha ya anachonacho kila mwanachama na mwezi kinapopatikana: machungwa, madafu, mayai, mboga, mhogo. Orodha hiyo ipelekwe kwa wapishi wa Masoko ikiwa na namba moja ya simu, badala ya watu 15 kupiga simu 15.

Pili, wachague siku mbili maalumu za kupeleka mzigo kila wiki, na wasizikose. Mzigo uchambuliwe kabla ya kufungwa. Machungwa madogo yana soko lake barabarani. Yasichanganywe na ya hoteli.

Tatu, wakubaliane na mnunuzi kuhusu malipo kwa maandishi. Utaratibu mwepesi ni kulipwa mzigo wa kwanza unapopelekwa wa pili, ili deni lisizidi mzigo mmoja.

Nne, watengeneze njia moja tu ya matembezi, ya saa mbili au tatu, yenye shamba, kivuli, mahali pa kula na choo safi. Bei iandikwe ubaoni, moja kwa kila mgeni. Kijana anayeongoza afundishwe kueleza habari za Nandete na Kivinje kwa usahihi.

Tano, mgawanyo wa fedha upangwe kabla mgeni wa kwanza hajafika: mwenye shamba kiasi gani, mwongozaji kiasi gani, wapishi kiasi gani na kijiji kiasi gani. Vikundi vingi havivunjiki kwa kukosa wateja, huvunjika kwa ugomvi wa kugawana fedha ya wateja wa kwanza.

Sita, wakae na manahodha wa Masoko. Nahodha ndiye anayemrudisha mgeni kutoka Songo Mnara jioni, na ndiye wa kwanza kuulizwa, “Kesho kuna nini cha kuona?” Akiwa na jibu, mgeni analala. Asipokuwa nalo, mgeni anaulizia basi. Fungu dogo kwa nahodha kwa kila kikundi anachopeleka vilimani ni gharama halali ya biashara.

Miezi ya masika, Machi hadi Mei, wageni hupungua na njia za vilimani huteleza. Huo ndio wakati wa kuchimba choo, kuweka ubao wa bei na kuzungumza na wapishi. Wageni huanza kuongezeka Juni kiangazi kinapoanza, machungwa nayo yakiwa yanaiva. Kikundi kitakachofika mwezi huo kikiwa na njia, bei na orodha yake mkononi hakitakuwa na haja ya kumkimbilia mgeni barabarani.