Fahamu: Jinsi stika zilivyopunguza ajali za matatu Kenya

Kampeni nyingi za usalama barabarani humlenga dereva. Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walimgeukia abiria. Stika zilibandikwa ndani ya matatu za masafa marefu, zikimhimiza apaze sauti dereva akiendesha ovyo.

Ndani ya matatu inayokimbia kila mtu huogopa kimoyomoyo, lakini nani awe wa kwanza kulalamika? Stika humpa ruhusa. Dereva naye anajua kwamba abiria wote wameisoma.

Lakini dereva gani ataacha kuibandua? Hapo ndipo penye ujanja: iliandaliwa bahati nasibu ya kila wiki, na dereva aliyekutwa na stika zote mahali pake aliweza kushinda pesa.

Matokeo yalipimwa kwa madai ya bima, kipimo cha maana kuliko kuhesabu mabango au fulana za uzinduzi. Madai yalipungua kwa nusu au zaidi. Jaribio kubwa lililofuata, la kampeni ya stika iitwayo Zusha!, lilichapishwa mwaka 2015: yalipungua kwa robo hadi theluthi.